Erasmo Ndunguru na Shada la Watoto

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Notburga, mtoto wa dada yake marehemu.

Marehemu Erasmo Ndunguru alizaliwa Mapera tarehe 2 Juni 1961, siku ya mtakatifu somo wake. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha akajifunza ukarani Songea.

Mwaka 1984 akawa karani wa parokia. Kompyuta ilipofika, aliandika upya vitabu vya ubatizo, vyetu na vya mwambao wa ziwa, Lipingo hadi Mbaha. Mtu akija kutafuta cheti, marehemu hakufungua faili moja moja. Aliandika grep, ile amri ya kutafuta, halafu jina, na kioo cheusi kikamletea kila mstari wenye jina hilo. Bibi mmoja wa Mbaha aliuona weusi ule akasema, "Pole, karani, mashine imekufa." Akamjibu, "Shikamoo mama. Haijafa, inamwita mtu gizani."

Ndoa hakufunga. Alichumbia Lipingo, mchumba akaghairi, na Mjomba akazoea kupikia mtu mmoja. Ule upweke, jamani! Ukipiga hodi, mlango ulifunguliwa kabla hujamaliza.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa bila wa kumuuguza, na muuguzi alipouliza ndugu zake wako wapi, alisema, "Waacheni, wanachuma kahawa." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 15 Julai 2025.

Kikao cha mazishi kilitaka kulifuta shada la watoto, lile ambalo watoto wa marehemu huweka kaburini, maana hakuzaa. Mjomba Egidi, mdogo wake, alisema, "Tutamwaibisha kaka. Tukiita watoto, nani atasimama?" Niliumia, nisiseme uongo. Nikaenda ofisini, nikaandika kama alivyonifundisha: grep, na jina lake. Mistari ikamwagika mpaka kioo kikajaa. Kumbe kila mtoto aliyeletwa na mama peke yake, hana msimamizi wa ubatizo, karani aliweka kalamu chini akaenda kusimama naye. Hakutuambia hata siku moja. Basi tukapiga simu, na vigango vya parokia vikawatangazia waje.

Marehemu ameacha mdogo wake Egidi, dada yake Benadetha, wapwa, na watoto. Nimesema watoto, Mjomba Egidi. Mungu amwite kwa jina, ampe pumziko lenye amani.

Sasa ni shada la watoto. Ninyi aliowasimamia, wa huku milimani na wa ziwani, baba yenu anawasubiri. Simameni.