Mama Kitufe, Aliyewasikiliza Wasambazaji

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutusindikiza, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Kitufe, nami nitajitahidi sauti isinikatike njiani.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na muuza vitambaa, na mama alikuwa akitusimulia kwamba mtoto huyo aliuliza maswali mpaka wageni wakawa wanaaga kabla chai haijapoa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari hadi 1988, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akimsaidia mama kupima vitambaa, na mwaka 1991 akajiunga na chuo cha kompyuta, ambako wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa wakigombania kompyuta nne, hivyo muda mwingi alikaa nyuma ya mwenzake akimtazama anavyobonyeza, na mwenyewe alisema hapo ndipo alipojifunza kuangalia mikono ya mtu kabla ya kuangalia skrini.

Alianza kazi mwaka 1994 kama mpiga chapa, na mwaka 1998 akaajiriwa kutunza stoo katika kampuni inayosambaza sabuni, viberiti na betri kwenye vibanda vya sokoni na mitaani. Ni katika stoo hiyo ndipo alipofika fundi umeme kutengeneza taa, akaitengeneza, halafu akarudi mara tatu kuikagua ingawa ilikuwa inawaka vizuri kabisa, na tarehe 2 Oktoba 1999 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti mwaka 2001 na mtoto wa kiume mwaka 2005.

Mwaka 2010, baada ya kusoma kozi za jioni, alihamishiwa ghorofani kwenye chumba kidogo chenye meza mbili, ili asanifu programu ya simu ambayo wasambazaji wangeitumia kupokea oda na kuonyesha mzigo uliofika. Programu ya kwanza ilitoka mwezi Februari 2012, ikiwa na kurasa kumi na moja za kujaza, naye akajivunia sana, lakini haikupita wiki mbili wasambazaji wote wakawa wametia simu mfukoni na kurudi kwenye madaftari yao, na mkurugenzi akatangaza kwamba atakayekuwa hajaanza kuitumia ifikapo mwisho wa Juni atarudisha mkokoteni na kwenda zake.

Wengine wangeitisha semina, yeye akavaa raba na kwenda sokoni, akamfuata kwa wiki tano msambazaji mmoja mkongwe aliyeitwa Injini kwa jinsi alivyosukuma mkokoteni, na huko akaona mambo ambayo ghorofani hayaonekani, kwamba msambazaji ana mkono mmoja tu ulio huru, kwamba jua likipiga skrini maandishi yote yanapotea, kwamba mtandao unakatika palepale mteja anapoharakisha, na kwamba hakuna anayekijua kibanda kwa namba bali kwa kusema yule wa chini ya ngazi, au yule mwenye mlango wa bluu.

Aliona pia kwamba kila simu ilipouliza swali, Injini alisema, "Miwani nimeisahau," akampa mwenye kibanda amsomee, na baada ya siku kadhaa dada akamletea miwani ya kusomea kama zawadi. Injini aliivaa, akaitazama skrini kwa muda mrefu, akaivua taratibu, akasema, "Mama, tatizo si macho."

Dada akamjibu, "Basi tatizo ni langu, mzee wangu, si lako."

Siri hiyo aliitunza miaka kumi na miwili, hata mumewe aliisikia kwa mara ya kwanza Alhamisi iliyopita, Injini alipokuja msibani na kutuambia, "Someni na hilo. Mimi sioni aibu tena, na yeye hakuniaibisha hata siku moja."

Baada ya wiki zile tano, dada alirudi ofisini akazifuta kurasa zile zote kumi na moja, akaweka vitufe vitatu vikubwa, picha za bidhaa, sauti inayotaja kila kinachobonyezwa, na nafasi ya msambazaji kupiga mwenyewe picha ya kibanda na kukiita jina analolijua, na ukikosea unarudi nyuma bila kugombezwa. Mkurugenzi alipoonyeshwa alicheka, akauliza kama imetengenezwa kwa ajili ya chekechea, kisha alipong'amua maana ya zile picha, akasema, "Nitajie ni nani hajui kusoma."

Dada akasema, "Hilo sitalisema, bosi," na tarehe 30 Mei akasimamishwa kazi.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa migumu, nyumbani kulikuwa na maneno, na binti yake alimwambia wazi kwamba amewasikiliza watu wa sokoni kuliko wa nyumbani, jambo ambalo hakulibishia, akaomba radhi, na tangu hapo simu yake haikuonekana tena mezani wakati wa chakula. Lakini mwandishi wa programu aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja kule ofisini aliikamilisha ile kazi na kuwapa wasambazaji waijaribu, na ilipofika mwisho wa Juni, kati ya wasambazaji sabini, sitini na wanane walikuwa wakiitumia, waliosoma na wasiosoma, na hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Mwezi Agosti mkurugenzi alipanda mwenyewe ngazi za nyumbani kwao kumwomba arudi, na leo yuko nasi hapa, na gari lililomleta marehemu ni lake.

Mwezi Septemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa, akapata nafuu, na kwa miaka miwili akafundisha wasanifu vijana, ambao wiki ya kwanza aliwanyang'anya kompyuta na kuwapeleka sokoni kubeba katoni. Januari 2024 ugonjwa ulirudi ukiwa umefika kwenye ini. Jumapili yake ya mwisho alimuuliza muuguzi kwa nini kengele ya kumwita imetundikwa mahali ambapo mgonjwa lazima kwanza apone ndipo aifikie, muuguzi akacheka, akaishusha kwa bandeji mpaka pembeni ya mto, na kesho yake kengele za wodi nzima zilikuwa zimeshushwa. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa kumi na dakika kumi alasiri, mumewe na wanawe wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani ambao tangu Jumanne hawajatuacha tuwashe jiko wenyewe, wafanyakazi wenzake, na ninyi wasambazaji, ambao nawaona mmejaa mpaka nje ya uzio. Nimeambiwa kwamba leo asubuhi hakuna kibanda kilichopelekewa mzigo, na hakuna mwenye kibanda aliyelalamika, kwa kuwa nao wako hapa.

Dada yetu, umetembea sana kwa ajili ya watu, sasa keti, upumzike kwa amani.