Marcel Kabamba na Mbuzi wa Asante

Ndugu wafiwa, majirani wa Berchem-Sainte-Agathe hapa Brussels, wanakwaya, na ninyi wa Matonge mliofunga maduka siku ya Jumamosi, siku ya biashara: poleni na asanteni. Mimi ni Samson, shemeji wa marehemu, mdogo wake Georgina. Shemeji ana ruhusa ya kutania hata msibani, nami nitatania kidogo. Lakini katika wasifu huu limo fungu moja ambalo si la utani. Jana tuliombwa tuliondoe. Dada yangu amesema lisomwe, na mjane akishasema, mimi ni nani.

Marcel Kabamba alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 mjini Kalemie, ambao wakati huo uliitwa Albertville. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Anaclet, fundi wa reli, na mama Mwanvua, muuza dagaa. Mama Mwanvua hakuvumilia mtoto apokee cha mtu kisha akae kimya. Ukimpa Marcel kipande cha muwa asubuhi, jioni unamwona mlangoni na kibaba cha dagaa. Tabia hiyo alikuja nayo Ulaya. Mwaka 2006 alipopewa kibali kipya cha kuishi, alirudi ofisi ya komuni, yaani manispaa, na sahani ya maandazi kwa yule mama aliyemhudumia. Mama wa watu akaogopa, akamwita mkubwa wake, akidhani ni rushwa. Ilibidi Marcel ale andazi la kwanza mbele yao.

Alisoma shule ya msingi Kalemie, kisha akapelekwa Lubumbashi, ambako alipata diploma ya ufundi wa mitambo mwaka 1981. Akarudi nyumbani kufanya kazi karakana ya reli pamoja na baba yake, hadi vita vilipomtoa. Mwaka 1998 alivuka ziwa hadi Kigoma, kwetu. Huko aliitengeneza mashine ya kusaga ya baba yetu, akakataa malipo, na wiki iliyofuata akaja na jogoo kumshukuru baba kwa kumwamini. Baba alisema kijana huyu ama ni mjinga ama ni mkwe. Mimi hadi leo naona alikuwa vyote viwili, na dada yangu hajawahi kunibishia.

Alifika Brussels mwaka 1999, Georgina akamfuata mwaka 2002. Tarehe 6 Septemba 2003 walifunga ndoa katika parokia moja ya Koekelberg. Msimamizi wao alikuwa papa Florent, ambaye yupo nasi hapa. Kwa wasiojua desturi ya ndugu zetu Wakongo: msimamizi wa ndoa, yaani parrain, si mtu wa kushika pete tu. Ni mzazi wa ile nyumba. Mke na mume wakigombana hawaendi kwa jirani wala kwa hakimu, wanakwenda kwake, na akisema, limesemwa. Florent aliifanya kazi hiyo vizuri kwa miaka mingi, na ni haki yake tuliseme hilo.

Marcel alisafisha tramu, akaendesha magari ya watu, akabeba makreti ya mihogo na samaki kutoka Anderlecht hadi Matonge kwa magari ya kukodi. Mwaka 2009 aliamua kununua gari lake la mizigo. Florent alikuwa akiwatafutia watu magari pamoja na mkopo wa kuyalipia. Marcel alipomuuliza atamlipa nini, jibu nililisikia kwa masikio yangu: "Weye ni mutoto yangu, Marcel. Donc siwezi kukuomba hata cent."

Marcel akatia saini. Na kwa kuwa ni Marcel, Jumapili iliyofuata alipeleka nyumbani kwa Florent mbuzi mzima aliyechunwa, na kitenge cha mama mwenye nyumba. Tulikula mbuzi yule hadi jioni. Tuliimba.

Mwaka 2012 Marcel alikwenda ofisi ya kampuni iliyomkopesha kuulizia kumaliza deni mapema. Karani alimfafanulia riba yake, akamwambia, kama jambo la kawaida, kwamba sehemu ya riba hiyo ni kamisheni ya wakala wake. Marcel akauliza wakala yupi. Karani akataja jina la Florent. Kampuni ilikuwa imemlipa Florent kwa kumleta mteja, na kadiri riba ilivyopandishwa ndivyo kamisheni ilivyonenepa. Marcel alikuwa akiilipa kamisheni hiyo kila mwezi, kwa mwaka wa tatu, bila kuambiwa.

Hakupiga kelele. Aliandika malalamiko kwa mkopeshaji. Na hapo, ndugu zangu, uungwana wake ukamponza. Akitaka kuonyesha kwamba alidanganywa kweli, alieleza kila kitu: kwamba Florent alisema anamsaidia bure, na kwamba yeye alimshukuru kwa mbuzi. Jibu lilikuja kwa Kifaransa safi sana. Kwa kuwa mteja alimlipa wakala "kwa njia ya mbuzi mmoja", wakala alikuwa wa mteja, si wa kampuni, na mteja hawezi kudai hakujua kwamba wakala wake hulipwa. Asante ya mtoto wa mama Mwanvua ikageuzwa ushahidi dhidi yake. Mimi nilicheka kwa hasira. Yeye alikaa kitini na koti lake mwilini, hakulivua hadi chakula kikapoa.

Alipeleka shauri kwenye ofisi ya usuluhishi. Wakamjibu kwamba jambo hili linahitaji neno la mtu mmoja tu. Wakala akikiri kwamba hakumwambia mteja habari ya kamisheni, na kwamba mbuzi alikuwa zawadi, malalamiko yanasimama. Asipokiri, yanaanguka. Basi haki yote ya Marcel ikawa kinywani mwa msimamizi wake wa ndoa.

Nyumbani amani ikatoweka. Georgina alitaka mumewe aache, kwa maana huwezi kuiandikia serikali habari za mzazi wako. Marcel alikataa. Walinuniana kutwa, mpaka watoto wakawa wanapeleka salamu chumba hadi chumba. Na mke na mume wakigombana wanakwenda wapi? Kwa parrain. Mwezi Februari 2014 walikwenda kwa Florent, nami nikiwa nao, kumwomba aamue kama Marcel aendelee kulalamika juu ya kamisheni ya Florent. Kesi ya nyani tukampelekea ngedere, kwa adabu zote, na chupa ya mvinyo mkononi.

Florent alisikiliza pande zote mbili kama alivyozoea. Kisha akampa dada yangu haki: "Bon. Maman Georgina ana raison. Muache ile dossier. Gari si iko inatembea?"

"Gari iko inatembea, parrain," Marcel alijibu. "Lakini uliniambia unanisaidia bure. Uwaambie vile tu, ni phrase moja."

"Unataka nipoteze kazi?"

"Hapana. Nataka useme ile kitu nilikuletea ilikuwa asante."

Florent alitazama saa, akasema ana watu wanamngojea. Hakukana. Dada yangu aliingia nyumba ile akiwa upande wa Florent, akatoka akiwa upande wa mumewe. Kwenye basi alisema neno moja tu, kwamba mtu asiye na kosa angekasirika. Tangu siku ile barua zote kwa mkopeshaji aliziandika yeye, na Kifaransa chake si cha kubembeleza.

Mwaka huohuo figo za Marcel zilianza kushindwa kazi. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na siku zilizobaki aliendelea kubeba makreti hadi mikono ilipokataa. Watu walianza kunong'ona "kikulacho ki nguoni mwako", na mimi nilikuwa kinara wao. Marcel alitukataza. Alisema yeye amemlalamikia mkopeshaji, aliyeweka kamisheni mahali ambapo mteja haoni. Florent hakumlalamikia, anamngojea. Aliwaomba na wengine walionunua magari kwa njia hiyo, na mpo humu, mjijue, waende wakawaulize wakopeshaji wao bila woga wala aibu.

Oktoba mwaka huu Florent alikuja hospitali mara moja. Aliketi pembeni ya kitanda akiwa ameshika kofia. Wakaongea habari za kwaya na za baridi. Alipoinuka, Marcel alimshika mkono, akamwambia: "Parrain, miye niko bado nakungojea." Florent alijibu kwamba atakuja Jumapili. Jumapili hiyo hakuja, wala iliyofuata. Mimi niliona uchungu, na ninauona hata sasa ninaposoma. Nilikuwa nimeandika maneno makali zaidi mahali hapa. Dada yangu ameyakata.

Marcel alifariki Alhamisi, tarehe 10 Novemba 2016, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, Georgina akiwa amemshika miguu kwa sababu alilalamika inapata baridi.

Ameacha mjane, Georgina. Watoto wawili, Kevin na Mwanvua. Dada zake wawili walioko Kalemie. Nami shemeji yake, niliyekula sahani mbili za mbuzi yule na bado nadaiwa. Ameacha pia msimamizi wake wa ndoa, papa Florent, ambaye jina lake limo kati ya wafiwa kwa agizo la marehemu mwenyewe. Shauri halijafungwa. Ofisi ya usuluhishi imekubali mjane aliendeleze, na bado linahitaji neno lilelile la mtu yuleyule.

Kwa desturi, kabla ya jeneza kushushwa, msimamizi wa ndoa husimama akamuaga mtoto wake mbele ya watu. Wiki hii wengi walitushauri tulifute jina la Florent kwenye ratiba, nami nilikuwa wa kwanza. Georgina alituonyesha kwamba Marcel alikwisha kutukatalia, siku nne kabla hajafa, alipomwagiza mpango wa mazishi yake mwenyewe: kwaya ianze, padri afuate, Samson asome asizidishe, kisha parrain aachiwe nafasi yake, na asiharakishwe.

Pumzika, Marcel. Mungu akupe amani uliyoitafuta kwa upole, na kazi ya kungoja utuachie sisi.

Papa Florent, karibu mbele.