Historia ya Bilan Nuh, Aliyepima Bwawa Letu

Acheni kubenua midomo, nyinyi mnaonong'ona kwamba Bilan alipigwa jicho la husuda. Mimi ni ayeyo wake, mama wa baba yake, nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini mtakayosikia mliyaona wenyewe.

Marehemu Bilan Nuh alizaliwa hapa Masalani tarehe 3 Machi 1995, akasoma hapa hapa, kisha akaenda Garissa kusomea kemia, akaajiriwa huko maabara, akawa anatengeneza utando mwembamba wa kupimia maji, ambao ukichanika unajiunga wenyewe, ukichakaa unayeyushwa na kutengenezwa upya, na ukitiwa kwenye maji machafu unakuwa mwekundu kabla chai haijachemka. Aliolewa na mwalimu Shuaib mwaka 2019, wakajaliwa binti mmoja, Ubah, ambaye tangu juzi ananiuliza mama anarudi lini.

Tarehe 6 Mei mwaka huu, baada ya mafuriko, Bilan alitia utando wake kwenye bwawa letu, ukawa mwekundu mbele ya wote, akasema maji yale yasinywewe bila kuchemshwa, lakini mzee Ogle, mwenyekiti wa kamati ya maji, alitaka kwanza kuona unavyojiponya, akatoa kisu akaukata, ukajiunga kiganjani mwake, mkapiga makofi, na kila mwenye kisu akataka zamu yake.

"Adeer, ami yangu," Bilan akamwambia, "utando umepona. Maji hayajapona."

Mkacheka, mkajaza mitungi.

Wiki haikuisha watu wakaanza kuhara, Bilan akarudi kutuuguza, kipindupindu kikamshika na yeye, barabara ilikuwa imekatika, boti ikachelewa, akafariki tarehe 17 Mei kabla ya kufika hospitali.

Nawashukuru madaktari waliompokea akiwa ameshapoa, majirani waliochimba kaburi, na wenzake wa maabara, ambao wamekuja na maji yao ya kunywa, na wala siwalaumu.

Asubuhi hii nimetia utando aliouacha kwenye pipa la maji ya kunywa la msiba huu, ukawa mwekundu. Nimemwambia Ogle, naye akaniuliza kama bado ukikatwa unajiunga.

Lala, Bilan, Mungu akurehemu, kazi yako umeimaliza. Nyinyi endeleeni kunywa. Mimi natoka, na mlango naufunga, nisiwaone mkinywa.