Fundi Aliyekaa Upande wa Mlango Mbovu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, fundi wetu wa bodi anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na miwili. Alianza kwa kupiga msasa, akahamia kunyoosha mabati, na mwishowe akabobea katika magari ya kale, yale ambayo spea zake haziuzwi tena popote. Tunamwita Babu Wasiwasi, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo alilipata kihalali. Haingii chini ya gari kabla hajalitikisa. Jeki akiiweka mwingine, yeye huiweka upya. Chai huiacha ipoe mpaka anaisahau. Tulimcheka sana.

Kicheko kilitukauka mwaka jana, lilipoletwa gari la mkunga mmoja mstaafu, aliloachiwa na marehemu mumewe. Bawaba za milango yake ya mbele zilikuwa upande wa nyuma, kwa hiyo mlango ukiachia mwendoni, upepo unaudaka. Wa abiria ulikuwa umeshuka; kuufunga ilibidi uunyanyue kwa goti. Babu Wasiwasi alikereza pini mpya za bawaba, akazivika bushi, yaani vipete vya shaba, mlango ukawa unafungwa kwa kidole kimoja. Tukampigia makofi. Yeye akabaki ameushika, jasho likimtoka.

"Sijui ni nini," alisema, "lakini siupendi."

Mkunga alikuwa na haraka ya kumchukua dada yake hospitalini. "Mwanangu, nimezalisha watu gizani, mvua ikinyesha. Mlango ndio unitishe?"

"Mimi unanitisha, mama," alijibu, akamwomba kwa heshima akae nyuma. Kiti cha abiria akakikalia yeye. Mimi niliendesha.

Kwenye kona ya kuteremkia sokoni, kitu kililia ndani ya bati kama mfupa unaovunjika. Mlango ulifunguka, ukapinduka, ukang'oka na bawaba zake. Nilimwona Babu akining'inia nje, mkono mmoja umeng'ang'ania kiti. Mkunga alimkamata ukosi kwa mikono miwili, huku akinifokea, "Usifunge breki! Polepole! Polepole!" Hadi leo nikipita pale hupunguza mwendo.

Tulipoifungua nguzo ya mlango, ile inayobeba bawaba, tulikuta mbao ya ndani imeoza kabisa; skrubu zilikuwa zimeshika unga. Bega aliloumia siku ile likiwa bado limefungwa bandeji, Babu alichonga nguzo mpya ya mbao ngumu. Siku ya majaribio aliketi palepale, akaniomba nipite kona ileile. Mlango haukucheza hata kidogo. Tuliporudi alishuka, akatapika nyuma ya karakana, akanawa uso, akaendelea na kazi.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama anafurahia kwenda kupumzika. "Naogopa," alisema. "Asubuhi nitaamkia nini?"

Mkewe, aliyekuwa amekuja kumpitia, alicheka. "Miaka yote hii mimi ndiye niliyekaa nyumbani nikikuogopea. Sasa ni zamu yako. Jumatatu naanza kujifunza gari."

Babu, asante kwa kila aliyefika kwake salama bila kujua kwamba wewe ndiye uliyekosa usingizi kwa ajili yake. Tunakuombea afya, bega lisikusumbue wakati wa baridi, na siku zako ziwe njema. Na Bibi akikanyaga mafuta, funga mkanda.