Sajini Rasim Karabey, Aliyemrudisha Dada Yake Langoni (1953–2024)

Rasim Karabey alizaliwa tarehe 3 Aprili 1953 katika kijiji cha Karaören, wilaya ya Sungurlu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Dursun na Bi Hatun. Wa kwanza alikuwa Makbule, aliyemtangulia kwa miaka sita na kumbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuta chini. Mama yao alisema mtoto yule alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa na punda wa bure.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha mwaka 1968 akapelekwa shule ya jeshi ya kuandaa masajini. Makbule ndiye aliyemshonea shati la safari. "Ukiwa mkubwa huko usitusahau, we kichwa maji," alimwambia. Naye akajibu, "Nitakupigia saluti, dada." Alihitimu mwaka 1972 na kulitumikia jeshi kwa miaka ishirini na saba.

Mwaka 1978 alimwoa Nermin, mwalimu wa Çorum. Mungu akawajalia binti mmoja, Feray, ndiye anayewasomea maneno haya. Nyumba yao ilikuwa ya amani, isipokuwa wakati wa taarifa ya habari.

Marehemu alikuwa mtu wa chama, kile cha kutenga dini na serikali, hilo halifichiki. Kwa watu wa chama chake, jeshi lilikuwa mlinzi wa nyumba. Kwa shemeji yake Bahattin, mume wa Makbule, aliyekuwa upande wa watu wa dini, lilikuwa mlinzi aliyejimilikisha nyumba. Kila sikukuu walichokozana juu ya sinia la bulguri, ngano yetu ya kupondwa.

"Jeshi lako linaogopa mtandio kuliko bunduki," Bahattin alikuwa akisema.

"Na nyinyi mnaogopa nini, vitabu?"

Wakacheka, wakaongezewa chai.

Kicheko kilikatika Septemba 1998. Selami, mtoto pekee wa Makbule, alikuwa kuruta katika kambi ileile aliyofanyia kazi mjomba wake, na siku ya kiapo wazazi walialikwa. Amri ya miaka ile ilijulikana: mama aliyefunga mtandio chini ya kidevu, kikwetu kijijini, apite; aliyeubana kwa pini ukafunika nywele zote na shingo, arudi. Langoni alipangwa Rasim.

"Toa pini, dada. Funga kama alivyofunga mama, uingie."

"Mama alifunga vile akikamua ng'ombe. Mimi nimekuja kumwona mwanangu."

"Ni amri kutoka juu."

"Juu yuko Mungu, Rasim. Wewe uko langoni."

Angeweza kugeuza uso. Wenzake wawili waligeuza siku hiyohiyo, na hakuna aliyeadhibiwa. Yeye alinyoosha mkono akaziba njia. Makbule alisimama nje ya uzio, akasikia mamia ya vijana wakiapa kwa pamoja, asiweze kuitambua sauti ya mwanawe. Kikosi cha Selami kilipandishwa mabasi kwenda mashariki siku ileile, na mama yake hakumwona tena.

Machi 1999 Selami aliuawa na bomu la kutegwa ardhini. Mazishini jenerali aliubusu mkono wa Makbule, naye amevaa mtandio uleule, pini mahali pake. Siku hiyo hakuna aliyemwambia aitoe.

Watu wa chama cha Rasim walimpigapiga begani: "Ulitii amri, sajini." Watu wa chama cha Bahattin wakakisimulia kisa hicho kwenye mikutano ya kampeni, mpaka Makbule akawafuata jukwaani. "Mnamlilia mwanangu au mnalilia kura?"

Rasim alistaafu kiangazi kile. Miaka ilipita, wa upande wa Bahattin wakashika nchi na majenerali wakabadilishwa, na mapenzi kwa jeshi nayo yakahama nyumba kama paka. Sasa Bahattin ndiye aliyetokwa na machozi kwa gwaride, na Rasim ndiye aliyezima televisheni.

"Sajini, jeshi lako halijambo?" walimchokoza kwenye nyumba ya chai.

"Si langu tena. Limehamia kwenu, lilisheni."

Siku moja msichana wa kukusanya maoni ya watu alimuuliza kama analiamini jeshi. "Mwanangu," alisema, "kwanza niambie nani anatawala, ndipo nijue ninaamini nini." Msichana alicheka, yeye hakucheka. Alimwambia mkewe baadaye kwamba bunduki ni zilezile na lango ni lilelile. Siku ile, alisema, hakuwa akilitii jeshi. Alikuwa akiwakomoa watu wa upande wa pili, na aliyekomolewa akawa dada yake. Aliyasema hayo akilia.

Saratani ya mapafu iligunduliwa Novemba 2022. Alimtuma binti yake kwa Makbule kuomba radhi, akarudi mikono mitupu. Akamtuma tena. Safari ya mwisho shangazi alimpa supu ya tarhana na jibu: "Mwambie anywe, apate nguvu. Radhi ni jambo jingine. Alinirudisha mbele ya watu, nami nitamjibu mbele ya watu."

"Ana haki," alisema marehemu, akaomba kijiko.

Alifariki nyumbani kwake Sungurlu, Alhamisi tarehe 8 Februari 2024.

Ameacha mjane, Nermin, binti, Feray, wajukuu wawili, Ilgaz na Defne, shemeji, Bahattin, na dada, Makbule, aliyesimama kule nyuma kwa akina mama, mtandio wake umebanwa kwa pini.

Punde imamu atatuuliza, kama ilivyo desturi yetu, iwapo tunamhalalishia marehemu haki zetu, yaani tunamsamehe yote aliyotukosea. Atauliza mara tatu. Familia inawaomba jambo moja: mara ya kwanza nyamazeni nyote. Wa chama hiki msipaze sauti kumtetea, na wa chama kile msimnong'oneze mama wa watu cha kusema. Mwacheni ajibu mwenyewe. Akisema halali, tutaliinua jeneza. Akinyamaza, tutaliinua vilevile, na litakuwa zito.

Mola ampokee Rasim wetu, ampumzishe.