Betri Mbili Zilizopakatwa Basini

Dereva wa pikipiki ya umeme alikuwa amepakata betri mbili kama mapacha wachanga. Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa mama mmoja fundi redio, mtu asiyeweza kuona waya akanyamaza.

"Unaziungaje hizo, mwanangu?"

"Kwa mfululizo, mama, moja nyuma ya nyingine. Volti zinajumlishwa, pikipiki inaruka!"

"Ziunge sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volti zinabaki zilezile, ila utakwenda mbali mara mbili."

"Nani anataka kwenda mbali kwa mwendo wa kobe?"

"Anayetaka kufika."

Mama akajipiga paja, maana jibu lile lilimpendeza hata yeye mwenyewe. Dereva hakukubali ng'o. Abiria wanapenda mwendo, alisema, na abiria hawangoji mtu.

Basi likasimama. Dereva akainuka na mapacha wake, ndipo fundi akakumbuka kuuliza, "Na pikipiki yenyewe iko wapi?"

"Iliungua jana."

Akashuka, kisha akarudisha kichwa mlangoni, uso umejaa furaha. "Lakini ungeiona, mama! Dakika mbili nzima barabarani, kwa mwendo ule, hakuna aliyenikaribia!"