Kapteni Kaogopa Ndege

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Kapteni, na usilidharau, maana mbao zake zimebeba makalio ya watu wenye jibu la kila swali duniani. Kapteni mwenyewe ni fundi redio na simu. Ukapteni tulimpa sisi, kwa sababu chumba cha nyuma cha duka lake kina ndege. Si ndege ya kupaa. Ni kioo cha kompyuta mbele, kioo kushoto, kioo kulia, usukani, kanyagio za miguu, na programu ya kurusha ndege ambayo mawingu yake yanapita mpaka unatafuta mkanda ujifunge. Leo duka halijafunguliwa. Kapteni yumo ndani, kaweka komeo, na ndege ya kweli inamsubiri saa tisa mchana. Mama yake anakwenda kupasuliwa jicho kesho asubuhi, mji wa mbali, siku mbili kwa barabara. Daktari kasema jicho likichelewa ndiyo basi, na la pili lilishakufa zamani. Hospitali haimpokei bila mtu wa kukaa naye, na mtoto ana huyo mmoja. Sasa hivi ni saa sita imepita, na kwenye benchi hakuna anayecheka. Tangu nianze kushona viatu hapa, hilo sijaliona.

— Kapteni! Fungua bwana! Mama yako keshavaa!

Huyo ni Breki, anagonga mlango kwa kiganja. Aliendesha malori mpaka magoti yakagoma, na hadi leo anaongea kama anashindana na injini.

— Nitatoka, ikajibu sauti kutoka ndani, nyembamba. Niacheni kidogo.

— Hiyo "nitatoka" ni ya tangu saa nne, akasema Mama Kahawa, akipangusa vikombe vilivyokuwa vikavu tayari. Imeshaanza kuchacha.

— Kosa mnamgongea, akasema Profesa. Profesa ni kinyozi wa hapo mkabala, na uprofesa alijipa mwenyewe. Mtu wa kuruka hagongewi, akaendelea. Wahenga walisema, aliyeko juu mngoje chini.

— Profesa, hiyo methali leo usiitaje! akafoka Breki.

— Imefanya nini? Ni methali ya subira.

— Subira gani? Mama wa watu anapanda ndege saa tisa, wewe unatuambia tumngoje chini!

Profesa akafikiri, akaona ilivyokaa. Nami nilishaiona picha ya ndege ikija chini.

— Lakini jamani, nikauliza, kinachomtisha ni nini hasa? Si ndiye anayerusha kila jioni?

— Ndicho hicho! Breki akageuka. Ya kweli hajapanda hata siku moja. Kompyuta si ndege, fundi. Ndege unaisikia hapa. Akajipiga nyuma ya suruali. Jicho linadanganyika, sikio linadanganyika, tako halidanganyiki. Mimi nimeendesha kwenye ukungu sioni hata pua ya lori, lakini tairi la nyuma likianza kuteleza, nalisikia hapa kabla ya kitu chochote. Kompyuta haina hapa. Sasa ameamka leo kagundua kwamba alichokuwa akikijua ni picha tu. Nani asingeogopa?

— Haina hapa? Profesa akamwinamia. Kiti cha lori kilichomo humo ndani alileta nani?

Breki akakuna goti.

— Nani alikikalisha juu ya springi, akafunga kamba huku na huku, akawa anavuta kwa nyuma? Ndege ikilalia kushoto, na mtu analalia kushoto. Ni mimi?

— Alisema inakosa uzito. Nilimsaidia tu.

— Basi uzito ameupata.

Hapa niueleze mchezo wenyewe, usije ukadhani tuna wazimu wa bure. Kila jioni mmoja wetu anawanunulia wengine kahawa, na aliyenunua ndiye mwenye zamu ya kuchagua hitilafu. Kapteni anaruka vizuri, anapita mawingu, mji unakuwa taa ndogo ndogo chini. Hapo mwenye zamu anamnong'oneza: injini ya kulia imezima. Au barafu imeshika mabawa. Au magurudumu yamekataa kutoka. Kapteni anatoka jasho, anabofya, anavuta, anasali. Akiiokoa tunapiga makofi, halafu mwenye zamu anaongeza ya pili. Ikishaanguka, mchezo umekwisha, kila mtu anakwenda kwake kula. Na jamani, ilikuwa tamu. Watu walitoka mitaa mingine kuja kuiona ikianguka.

— Mimi nawaambia, akaendelea Profesa, ile mashine imeshapita kufanana na ndege. Hao marubani wa kweli wanafundishwa kwenye mashine za namna hiyo hiyo kabla ya kukabidhiwa roho za watu. Kwa nini? Kwa sababu ubongo hauombi risiti! Ukiona ardhi inakuja, ubongo unaandika: ardhi ilikuja. Sasa huyu ardhi imemjia kila jioni. Ubongo wake unamjua kama nani?

— Kama nani?

— Kama marehemu.

— Mungu apishe mbali! Mama Kahawa akagonga mbao ya benchi.

— Marehemu wa kila siku. Anakufa, anakunywa kahawa, anafunga duka, analala. Mnadhani nasema ovyo? Siku hizi nikimnyoa, wembe ukipita shingoni, hata hasisimki.

Breki akasogea kidogo, kama vile wembe uko karibu.

— Wewe ndiye uliyemharibu, akasema. Ule moshi wako.

— Ulikuwa moshi kidogo.

— Ulichoma nywele, Profesa! Nywele za wateja, kwenye kopo, chini ya kiti chake! Mtu anapambana na moto kwenye kioo, mara pua inamwambia ni kweli!

— Nilikuwa nakamilisha. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

Profesa hakujua kibaba cha nini. Akamgeukia Mama Kahawa, maana mtu akibanwa hutafuta mwenzake wa kubanwa naye.

— Na huyu je? Wale abiria walikuwa nani?

— Mlinituma nyie!

— Tulikuambia upige kelele kidogo. Wewe ukaanza kuita majina ya watoto.

Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Ni yeye mwenyewe aliyesema watu wa kwenye kompyuta wako kimya mno. Alisema ndege ya kweli ina watu ndani. Nikawa watu. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Jioni ile nilirudi nyumbani nikawahesabu wanangu walivyolala.

Mtaa wote ulikuwa kwenye shughuli zake, mtu anasukuma mkokoteni wa matofali, mtu anagombana na simu. Kisha ndege ikapita juu. Ndege ya kawaida tu, hupita saa kama hizo na huwa hatuisikii hata kidogo. Leo tuliinua vichwa wote kwa pamoja.

— Imebadilisha sauti, Breki akanong'ona.

— Ya kulia inakohoa, akasema Profesa.

— Mbona iko chini hivyo? akauliza Mama Kahawa.

— Kapteni! nikaita bila kupenda. Unaisikia?

Kisha sauti ikaja, karibu kabisa na mlango, kama vile alikuwa amebandika shavu kwenye mbao.

— Amepunguza nguvu ya injini tu. Anajiandaa kutua. Halafu akaongeza: Nadhani.

Nikajua kwamba si Kapteni peke yake aliyeugua. Sisi sote, tulioketi chini salama na vikombe mkononi, hatuwezi tena kuisikia ndege bila kuitafutia kaburi.

— Sikilizeni, akasema Mama Kahawa. Mmoja wetu amsindikize yule mama, yaishe. Hospitali inataka mtu, haikusema lazima awe mtoto. Breki, nenda wewe.

— Magoti haya? Kwenye vile viti vya kubanana?

— Profesa?

— Nina vichwa viwili vinasubiri.

Vichwa hivyo hatukuviona. Ndipo Mama Kahawa akaniangalia mimi, na mimi nikasema tiketi ina jina la Kapteni, haibadilishwi. Ni kweli ina jina lake. Lakini jinsi nilivyoifurahia kweli hiyo, sitaki mtu anione.

— Kumbe wote, akasema Mama Kahawa. Hata mimi ningekataa. Nilishapiga zile kelele mara moja, sitaki kuzipiga tena.

Profesa akavuta pumzi. Nilimwona anavyotoa macho, nikajua linakuja jambo kubwa, na sikulitaka.

— Nimewaza kitu, akasema polepole. Tunasema ile ya ndani ni mchezo, hii ya nje ni kweli. Nani katuhakikishia? Labda na sisi tumo kwenye kioo. Labda huko nyuma kuna benchi, kuna watu wanakunywa kahawa yao, wanapokezana. Mmoja alinunua kahawa, akasema: magoti ya yule dereva. Tukapata Breki. Mwingine akanunua, akasema: jicho la yule mama. Akiliokoa, ataongezewa hitilafu ya pili.

— Profesa.

— Nasema labda.

— Profesa, nyamaza! Breki alikuwa amesimama, na huyu ni mtu ambaye huwa anaomba mkono kusimama. Nyamaza kabisa!

Profesa alijitisha mwenyewe. Alitazama juu, siyo mbinguni, bali pale juu ya paa la duka, kama mtu anayetafuta mahali macho ya wale wa benchi la nyuma yanapochungulia.

Hapo ndipo mama yake Kapteni alipofika. Teksi ilisimama kwenye kona, yeye akaja akiufuata ukuta kwa kiganja, jicho moja limefungwa pamba, lingine limekodoka bila kuona kitu. Tulimsogezea nafasi.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu. Mwanangu yumo?

— Yumo, mama.

— Anaogopa?

— Kidogo tu, akasema Breki.

— Usinidanganye kwa sababu sikuoni. Mimi naogopa sana. Naogopa kisu, naogopa ndege, naogopa wakishanipasua nitolewe pamba nikute giza lile lile. Sasa na yeye akiogopa, nani atamshika mwenzake mkono?

Akapapasa ubao wa benchi, akaketi.

— Jana alinieleza mchezo wenu, akasema. Nikampenda, jinsi alivyokuwa anaeleza. Anasema kila mtu ana zamu yake. Breki, wewe ulichagua nini?

— Barafu, mama, Breki akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo. Na magurudumu.

— Profesa?

— Moto.

— Na wewe binti?

— Mimi sikuchagua, mama, akasema Mama Kahawa. Mimi nililia tu. Halafu akaongeza: Na upepo. Siku moja nilichagua upepo.

Yule mama akatikisa kichwa, kama anayepokea salamu za kila mmoja.

— Na ile ya kufika salama tu, akauliza, ilikuwa zamu ya nani?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza ufunguo umebaki kwa nani. Nikapekua kichwa changu, jioni baada ya jioni. Niliona milima tuliyoigonga, niliona bahari tuliyozama, niliona uwanja wa mpira tuliouangukia kwa tumbo la ndege. Profesa, mwenye methali ya kila ugonjwa, alikuwa anatazama ndala zake. Nilimwombea apate hata ile isiyofaa.

Komeo likavutwa.

Kapteni alitoka na begi begani. Shati limepigwa pasi, viatu vimefungwa kamba. Inaonekana alikuwa amevaa tangu asubuhi. Alisimama mlangoni akitutazama, na niliona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa amesikia yote kupitia mlangoni, na yeye pia alikuwa anangoja jibu. Akamtazama Breki, akamtazama Profesa, akanitazama mimi. Hakulipata.

Akainama, akaushika mkono wa mama yake.

— Mama, mimi sijui ndege ikifika inakuwaje.

— Hata mimi sijui, baba. Twende tukaone.

Wakaenda wakiufuata ukuta, mama mbele kidogo, kama vile yeye ndiye anayeona. Dereva wa teksi akawafungulia mlango. Breki alijitahidi kunyoosha mkono wa kuaga, ukaishia kifuani. Profesa akavuta pumzi ili aseme neno, na Mama Kahawa akamziba mdomo kwa kiganja, akamshikilia hivyo hivyo. Gari likawashwa, likasita, likakata kona, na kati yetu sote hakuna aliyethubutu kuwaambia safari njema.